Tembe Aliyekwamwa na Yai



Katika maradhi yote yawapatayo kuku wa ng'ambo zetu hizi za Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, liko moja ambalo huua kimya kimya, kwa kuwa haliingii banda zima wala halitangazi kuja kwake kwa kukohoa au kuhara, bali humchagua tembe mmoja, aghalabu aliye mnene na mwenye manyoya ya kung'aa kuliko wenziwe, na humjia katika majuma yale yale ambayo mwenyewe amekwisha kuanza kuulizia bei ya trei ya mayai. Nalo ni kukwamwa na yai. Tembe huyo, ambaye jana alikuwa akiparura mchanga na kuwafukuza wenziwe kwenye chakula, leo asubuhi hatoki. Amejikunyata pembeni, macho ameyafumba nusu, mkia umeinama, na kila baada ya kitambo hujikaza kwa nyuma, kisha asitoe kitu. Mwenye haraka humtazama, akaguna, akaagiza kisu. Nami nataka kunena leo, kwa kadiri ya maarifa niliyo nayo na kwa moyo wangu wote, kwamba tembe huyo aghalabu hakustahili kisu, na kwamba sisi tuliomfuga tuna dhima juu yake, kwa sababu uele huo mara nyingi tumemtengenezea sisi wenyewe, kwa chakula tulichompa na kwa mahali tulipomweka, zamani kabla hajaanza kujikaza.

Naanza na tiba kabla ya sababu, ingawa taratibu ya vitabu ni kinyume cha hivyo, maana yamkini yuko msikilizaji ambaye wakati huu ninaponena ana tembe wa namna hiyo uani kwake, na mtu mwenye mgonjwa mikononi hangojei hotuba.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha. Mpakate tembe wako kwa upole, kichwa chake kikielekea nyuma ya kwapa lako, kisha pitisha vidole visivyobonyeza chini ya tumbo lake, baina ya ncha ya mfupa wa kidari na ile mifupa miwili myembamba iliyo kandokando ya kinyeo. Yai lililokwisha kuvikwa ganda utalihisi hapo, gumu na la mviringo. Likiwa ni yai lisilo ganda, ambalo ndilo baya zaidi kwa sababu mrija wa mayai hauna kitu kigumu cha kukikamata na kukisukuma, hutahisi ila uvimbe mwororo unaobonyea. Utatazama pia undu wake, kama ungali mwekundu au umekwisha kufifia, na utatazama kama anahema kwa mdomo wazi, maana hizo ni dalili za muda aliokwisha kukaa katika adha hiyo.

Ukishahakikisha, teleka maji. Yatie katika karai au beseni, yawe na uvuguvugu ambao kiwiko cha mkono wako kinauvumilia pasipo kushituka, kadiri ya digrii 38 kwa mwenye kipimo; wala usiche kwamba yatamchoma, kwani damu ya kuku ina moto kuliko yetu, na mwili wake hukaa katika digrii 41 hivi hata akiwa mzima. Mwingize taratibu mpaka maji yafunike tumbo na kinyeo, kichwa na kifua vikiwa juu, umshike hapo kwa dakika 15 hata 20, na maji yakianza kupoa uongeze ya moto kidogo kidogo upande wa mbali na mwili wake. Mwanzoni atapapatika na kukurushia maji usoni; kisha utamwona analegea, kope za chini zinapanda juu, na shingo yake inakuegemea. Hiyo ndiyo saa ambayo misuli iliyojikaza kwa hofu na maumivu inaanza kuachia. Mtoe, mkaushe kwa kitambaa mpaka manyoya ya tumboni yasichuruzike, maana upepo wa pwani ukimpiga amelowa utamwongezea balaa juu ya balaa. Nawa mikono kwa sabuni, chovya ncha ya kidole katika mafuta ya nazi yaliyo safi, uyapake kinyeoni na ndani kidogo tu, kwa kuzunguka, bila ya kukazana na kitu.

Halafu mpe chokaa. Kaka za mayai yaliyokwisha kuliwa, zikikaangwa kavu juu ya moto na kusagwa laini, huchanganywa na uji mwepesi. Na kwa mwenye uwezo ziko dawa za maji zenye kalsiamu katika maduka ya dawa za mifugo. Mnyweshe tone baada ya tone kandoni mwa mdomo, umwache ameze mwenyewe, wala usimmiminie kooni, kwa kuwa tundu la pumzi la kuku liko papo hapo nyuma ya ulimi, na kuku wengi wamekufa kwa uji wa wauguzi wao ilhali yai lingewaacha. Chokaa hiyo si kwa ajili ya ganda peke yake. Misuli isukumayo yai nje haiwezi kujikaza na kulegea sawasawa pasipo kalsiamu katika damu, kwa hivyo tembe aliyepungukiwa nayo hupungukiwa mara mbili, kwenye ganda na kwenye nguvu ya kulitoa.

Hatimaye mweke katika tenga lenye nyasi kavu, ulifunike kwa leso kuukuu, liwe mahali penye kiza, kimya na fukuto kidogo, mbali na jogoo na mbali na watoto. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu kazi njema, kwa kuja kufunua kila mara tuone kama limetoka. Kuku kwa tabia yake hutafuta faragha anapotaga, na akipatwa na hofu huweza kulizuia yai hata ambalo lilikuwa tayari kutoka. Mwache. Zikipita saa kadhaa pasipo kitu, rudia maji na mafuta. Ikiwa siku nzima, mchana na usiku wake, imepita, mtafute mganga wa mifugo hima, kwani ana sindano ya kalsiamu na ana njia ya kulitoa yai ambayo si ya kujifundishia uani. Na kuku anayekaa na yai siku mbili, aghalabu haioni ya tatu.

Nawakatazeni kwa msisitizo jambo moja, nalo ni kulivunja yai ndani ya kuku au kumkamua tumbo ili litoke. Kaka lililovunjika lina makali, hukata mrija, na kiini kikimwagika tumboni huwa ni shamba la vijidudu, tumbo likafura na kujaa maji ya manjano, akafa kifo cha siku nyingi. Wala msimpe vidonge vya watu, vile vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja madukani, kana kwamba kila kuku aliyeinama ana homa. Dawa ya kuua vijidudu haina uwezo wa kulisukuma yai. Na kama mganga ameona pana uchafu ndani, akampa dawa hiyo kwa haki yake, basi zipo siku zilizoandikwa kwenye chupa ambazo mayai yake hayaliwi wala hayauzwi, na kumuuzia jirani yai la siku hizo ni dhuluma hata kama hatalijua.

Niliyaona haya yakitendwa Mtongwe, kwa mikono iliyo mizoefu kuliko yangu. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kumshika tembe miguu na kutuma kisu kiletwe, ndipo bibi mmoja wa nyumba ya pili, aliyekuwa akisuka ukili barazani kwake, akamwita bila ya kuinua sauti: "Ndoo naye hapa, mwanangu. Simtinde." Kijana akaja, akamwamkua shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema, "Bibi, huyu hana faida tena; tangu jana hali wala hanywi." Bibi hakushindana naye. Aliweka ukili chini, akampakata yule tembe, akapitisha vidole vyake viwili mahali pale nilipopataja, akatulia kidogo kama asikilizaye, akasema, "Ana yai huyu. Nenda kateleke maji." Yai lilitoka baada ya alasiri, dogo, ganda lake lina mikunjo na uzi wa damu, na tembe alipofunuliwa alikunywa maji kwa muda mrefu, akiinua shingo na kuinamisha, akiinua na kuinamisha, mpaka kijana akacheka kwa furaha. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Alimwuliza, "Wamlisha nini?" Naye akajibu, kwa fahari kidogo, kwamba kuku wake hawana njaa hata siku moja, kwani hupata makoko ya wali kutoka mkahawani na chicha ya nazi kila jioni. Bibi akatikisa kichwa. "Wamnonesha, mwanangu, wala humlishi."

Maneno hayo ya bibi yana ilimu ndani yake, na inafaa tuyafasiri. Kuku ana upande mmoja tu wa uzazi ufanyao kazi, nao ni wa kushoto. Hapo pana kichala cha viini, vidogo kwa vikubwa, na kila kimoja kikiiva huachiliwa katika mrija mrefu, kikasafiri humo kwa saa 24 mpaka 26. Ute mweupe hukizunguka katika saa tatu hivi, utando wa ndani katika saa moja na kitu, na muda wote uliosalia, saa kama 20, hupita katika sehemu ya mwisho ya mrija, ambamo yai huvikwa kaka. Kaka hilo ni chokaa karibu lote, na mna gramu 2 hivi za kalsiamu ndani yake. Sasa fikirini: mwili mzima wa kuku, mifupa yake yote tangu ukucha hata fuvu, una gramu kama 20 tu. Kuku wa kisasa wa mayai, hawa tuwaitao leyazi, ambaye hutaga mayai 300 kwa mwaka, hutoa mwilini mwake kalsiamu ya gramu 600, yaani mara 30 ya ile iliyomo katika mifupa yake yote. Jike la kuku mwitu wa misitu ya Asia ya kusini mashariki, ambaye ndiye asili ya kuku wote duniani, hutaga mayai 10 au 15 kwa mwaka. Na kuku wetu wa kienyeji hutaga kumi na kitu kwa awamu moja, akaatamia, akalea, akapumzika, na katika mapumziko hayo mwili wake ukajijaza tena. Ni binadamu aliyemchagua kuku, kizazi baada ya kizazi, hata akamfikisha kwenye yai la kila siku. Kwa insafu, aliyemfanya kuku kuwa mtoaji wa namna hiyo hana budi kumrudishia kitu anachokitoa.

Na makoko ya wali hayamrudishii. Wali ni wanga, chicha ina mafuta yaliyobaki ya nazi, na vyote viwili vikiwa ndio chakula chake cha kutwa, tembe hujenga shahamu tumboni kuuzunguka ule mrija, njia ikawa nyembamba, misuli ikawa mizito, na chokaa katika damu ikawa haba. Hivyo yule ambaye kwa kumtazama ungesema ndiye mwenye siha kuliko wote, ndiye aliye karibu zaidi na kukwamwa. Sisemi makoko yatupwe, kwani kutupa chakula ni israfu, na katika nyumba zetu yana kazi. Nasema yawe ni nyongeza, wala yasiwe ndiyo riziki yenyewe. Mchicha na majani ya kunde yanayobaki kwa wachuuzi wa Kongowea wakati wa kufunga mizigo, vichwa vya dagaa, pumba za mahindi zilizochanganywa na chakula cha dukani kwa kiasi, hivyo ndivyo vinavyojenga.

Hapa pana jambo ambalo kila nikilitazama hunitia uchungu. Ardhi ya ufuo wetu, Likoni upande mmoja na Kisauni upande wa pili, imelala juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo kwa asili yake ni kitu kile kile kilicho katika kaka la yai. Wazee walijenga misikiti na nyumba kwa mawe yake na kwa chokaa yake. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kimekuwa kikiyachimba na kuyachoma tangu mwaka 1954. Na kuku wa zamani, aliyekuwa akizurura chini ya minazi na kushuka mpaka kwenye mchanga wa bahari, alijidonolea vipande vyake na vya makombe kwa kadiri mwili wake ulivyomwambia. Leo tembe tumemfungia katika kizimba juu ya sakafu ya saruji, pengine orofani huko Mishomoroni, akaona njaa ya chokaa juu ya mwamba wa chokaa. Dawa yake haina gharama. Okota makombe ya chaza na ya makome, yaoshe kwa maji baridi yasiyo ya bahari mpaka chumvi itoke, yaanike, yatwange katika kinu yawe chenga chenga na si unga, uyaweke katika kopo la peke yake, wala usiyachanganye katika chakula kwa nguvu. Kuku anajua. Yule anayetaga atayaendea, hasa jioni, kwa kuwa ganda hutengenezwa usiku, na zile chenga zikikaa katika firigisi zitamwachia chokaa kidogo kidogo mpaka alfajiri; na yule asiyetaga atayapita. Ila jihadharini na chokaa ya kujengea iliyotoka tanurini, ambayo ni kali na huunguza koo. Hiyo si chakula cha kiumbe.

Wako wanaofuga kwa vyakula vya dukani tangu kifaranga, nao hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Mmoja, kwa pupa ya mayai, huwapa vifaranga wanaokua chakula cha kuku watagao, ambacho kina kalsiamu kama sehemu 4 katika 100, ilhali mwenye kukua hahitaji zaidi ya sehemu 1. Figo za watoto hao huharibika kwa mzigo wa chokaa isiyo na kazi. Wa pili, kwa kuogopa bei, huwaacha katika chakula cha kukulia hata wakisha kuanza kutaga, na hao ndio watoao mayai ya utando mtupu. Wakati wa kubadili ni pale undu unapoiva na kuwa mwekundu na tembe anapoanza kuinama na kutandaza mabawa ukimkaribia. Kwa hawa wa kisasa ni majuma 18 au 20, na kwa wa kienyeji ni miezi sita au saba. Pia nimeona mabanda ya Changamwe ambamo taa ya umeme huwaka mpaka usiku wa manane ili tembe waharakishwe. Vitabu vya Ulaya vinavyofundisha kuongeza taa viliandikwa kwa nchi ambazo wakati wa baridi mchana huwa mfupi mno; sisi tuko digrii 4 tu kusini ya mstari wa ikweta, na mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, kasoro au ziada ya dakika chache. Taa huweza kumsaidia kuku aliyekwisha kukomaa, lakini kwa tembe ambaye nyonga zake hazijapanuka ni kumlazimisha kutoa yai ambalo mwili hauna njia ya kulipitisha.

Juu ya yote hayo liko joto. Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi inapolegea na hewa inasimama, banda la mabati lililo chini na lisilo na upenyo huwa ni tanuri. Kuku hana jasho. Njia yake ya kujipoza ni kutweta, na kila anapotweta hutoa katika damu hewa ya ukaa kupita kiasi, nayo ndiyo hewa ambayo mwili wake huiunganisha na kalsiamu ili kufanya kaka. Fauka ya hayo, joto humkatisha chakula. Basi hata aliyelishwa vyema hutaga mayai ya ganda jepesi katika miezi hiyo, na tembe anayeanza kutaga wakati huo huingia katika hatari kubwa zaidi. Makuti juu ya mabati, ukuta wa wavu upande upepo utokako, na maji yaliyokaa mtungini badala ya ndoo ya plastiki iliyo juani, haya yanatosha kubadili hali ya banda kwa mchana mmoja. Kama ni kuchagua, panga vifaranga wako waanze kutaga wakati wa kusi.

Inafaa pia mjue kupambanua, kwani si kila tembe aliyejikunyata ana yai. Akiwa ni mmoja, anajikaza, wenziwe wote wazima, shuku yai. Wakiwa ni wawili au watatu kwa siku moja, wanaharisha majimaji ya kijani, shingo zinapinda, wengine wanataga mayai mabovu au wameacha kutaga kabisa, hicho ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Na sisi watu wa Mombasa tuna historia nacho: baada ya kutambuliwa mwaka 1926 huko Java na huko Newcastle, Uingereza, kideri kiliandikwa mara ya kwanza katika Afrika Mashariki mwaka 1935, papa hapa karibu na Mombasa, kikaondoka kikaenea hadi bara. Hakina tiba. Kina chanjo, tone moja katika jicho, ambayo inatengenezwa nchini mwetu na ambayo ni sharti ihifadhiwe baridini mpaka saa ya kutiwa, kisha ikaririwe kila baada ya miezi mitatu hivi. Kwa hivyo mwenye kumnunua tembe sokoni amtenge kwanza kwa muda wa majuma mawili, asimtupe moja kwa moja katikati ya wengine.

Limebaki tukio moja ambalo hufuatana na kukwamwa, nalo ni mrija wenyewe kutoka nje kwa sababu ya kujikaza sana, ukaonekana kinyeoni kama nyama nyekundu. Hapo pasiwe na ajizi ya dakika moja, kwa kuwa rangi nyekundu huwavuta kuku wengine, nao watamdonoa mpaka wamtoe matumbo angali hai. Mtenge, mwoshe kwa maji safi, paka asali au sukari iliyolowekwa ili uvimbe ushuke, kisha mafuta, urudishe ndani kwa kidole kwa upole, umweke gizani na umpunguzie chakula siku moja mbili ili yai la pili lichelewe. Wengine hupona. Asiyepona baada ya kurudishwa mara kadhaa, na vile vile yule anayekwamwa kila anapotaga ingawa chakula na mahali vimetengenezwa, huyo kumchinja mapema, angali na nguvu zake na hana dawa mwilini, ni ihsani kwake. Lakini aliyefura tumbo lenye maji na uvundo asiliwe, azikwe. Na dhima yetu si ndogo: waliopita madrasa wanaikumbuka habari ya mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, na jinsi alivyohukumiwa kwa hilo. Na mimi sioni tofauti baina ya paka yule na tembe aliyefungiwa kizimbani, ambaye hawezi kujiendea ufuoni kutafuta kombe.

Na yule aliyepona, asirudishwe bandani siku ile ile. Mweke peke yake siku tatu au nne, ukimpa maji mengi, majani mabichi, chakula cha watagao na kopo lake la makombe, ukaangalie kama mayai yafuatayo yana ganda zima. Kisha umrudishe usiku, wenziwe wakiwa wamekwisha kupanda ulaloni, kwani kuku aliyetoweka siku kadhaa akirejea mchana hupigwa kama mgeni, ilhali akikutwa alfajiri amekaa kwenye fito pamoja nao, huchukuliwa kuwa hakuondoka kamwe.